Mwalimu Asiyeita Rejista

Ukitaka kuongea na Mwalimu, ilibidi utembee. Angeanza neno hapa kwa mlango wa jikoni yangu, alimalizie kule kwa tangi la maji, na swali lako alijibu akiwa ameshafika kwa ua wa nyuma, anavuta waya kuona kama umelegea. Mimi miguu yangu ni ya zamani. Nilikuwa nampigia kelele kutoka ndani, "Mwalimu, simama kama binadamu!" Angecheka, asimame, na kabla sijaweka majani kwa chai ameenda tena.

Aliishi kwa nyumba ya nyuma ya ploti yangu hapa Kitengela miaka mingi. Alipoingia, ng'ambo ya barabara kulikuwa na punda milia wakila nyasi karibu na mbuzi wa watu. Alipotoka, kulikuwa na ghorofa mbele na ghorofa upande, na vumbi likija na upepo, unafunga madirisha lakini unalikuta kwa sufuria. Alifundisha chuo kimoja cha mifugo, mbele kidogo kwa barabara ya Namanga, wale vijana wanaotoka huko wakiitwa daktari na kila mwenye ng'ombe. Jina lake alikuwa nalo, lakini hata muuza maziwa alimwita Mwalimu, na mimi nitamwacha hivyo. Alikozaliwa sikuuliza. Mpangaji akiwa na heshima na hapigi mtu, hayo mengine ni yake.

Ningeishi naye tu kama jirani, salamu na chai, kama si mjukuu wangu Wambui kujiunga na hicho chuo chake. Wambui nimemlea mimi. Mama yake yuko Uarabuni kwa kazi za nyumba na anapiga simu Jumapili. Kwa hivyo huyo mtoto akisoma ni mimi nimesoma, na akiharibika ni mimi nitaulizwa. Nasema hivyo ili ujue kwa nini nilimwangalia Mwalimu kwa jicho kali kuliko nilivyomwangalia mpangaji mwingine yeyote.

Kitu cha kwanza kilichonifanya nimshuku ni rejista. Wambui alikuja nyumbani akasema kwa darasa la Mwalimu majina hayaitwi. Unaingia, unakaa, hakuna anayekuuliza kama upo. Nilimngoja kwa mlango.

"Mwalimu, ni kweli huiti majina ya watoto?"

"Ni kweli, yeiyo." Yeiyo ni mama, kwa Kimaa. Aliniita hivyo tangu siku ya kwanza, mimi Mkikuyu kabisa, na sikumkataza.

"Sasa utajua aje nani hayuko?"

"Nitaona."

"Kwani wewe ni kamera?"

"Na wewe kuku wako unawaita majina jioni wakiingia?"

"Kuku wangu hawalipiwi karo!"

Akacheka mpaka akamwaga chai. Halafu akaniambia, tayari ameanza kutembea, kwamba akiita majina watakuja kuitikia majina tu. Mwili utakuwa kwa kiti na akili iko kwa simu. Yeye anataka mtu ambaye akikosa kuja, kuna kazi fulani imekwama kwa sababu yake. Nilimwambia hayo ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kulisha kijana wa miaka ishirini. Chuo chenyewe kilikuwa upande wangu, maana wakubwa wake walimwita ofisini juu ya hiyo rejista mara nyingi, na kila mara alirudi akitembea kwa kasi zaidi.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa hivi. Muhula ukianza, kila mwanafunzi anachagua boma moja, la mtu mwenye mifugo, na mpaka muhula uishe hiyo mifugo ni yake kuangalia. Kuchanja, kutoa kupe, kuangalia kwato, kuandika nani anaumwa. Mwalimu hakugawia mtu boma. Wengine walichagua yaliyo karibu na barabara wasichafue viatu, na akawaacha. Wambui wangu alichagua la mbali, la mama mmoja mzee ambaye watu wote humwita Koko, ndiyo nyanya kwa hicho Kimaa. Nilipomuuliza kwa nini huko kote, akasema mlango wa ile nyumba umepakwa rangi ya samawati na aliupenda.

"Hiyo si sababu," nilimwambia Mwalimu.

"Ni sababu yake. Imetosha."

"Angechagua kwa akili."

"Akili itamkuta huko."

Alikuwa na maneno yake ambayo aliyarudia mpaka nikayashika. Moja lilikuwa la chumvi. Alisema mbuzi akikosa chumvi atalamba ukuta, na mwenye mbuzi mjinga atampiga kwa sababu ya ukuta. Wanafunzi wakikaa nyuma na simu, wakilala, wakichelewa, walimu wenzake wanapiga makelele. Yeye alisema hao wanalamba ukuta. Tafuta chumvi gani imekosekana. Huyu hajawahi kuulizwa anataka nini, kila kitu kimechaguliwa na baba. Yule hajawahi kuona mkono wake ukifanya kitu kikafaulu. Mwingine hakuna mtu darasani anayejua hata anakula wapi. Ukimpa hiyo chumvi, alisema, hutamfukuza tena na vitabu, atavitafuta.

Nilimjibu vile ningemjibu mtu yeyote. "Sisi tulifundishwa na fimbo na tukakuwa watu."

"Na wewe yeiyo, shule uliacha darasa gani?"

Nilimfukuza jikoni na mwiko mkononi. Chai yake ilibaki kwa meza ikapoa, na siku chache hatukusalimiana. Shule niliacha mapema nikaenda kuchuma kahawa ya watu, na sababu zilikuwa nyingi, lakini fimbo ilikuwa moja yao. Hilo halikuwa lake kujua.

Lazima niseme pia ubaya wake. Mtu huyu aliyeachia watoto wa watu wachague boma kwa sababu ya rangi ya mlango, kwake nyumbani hakuweza kumwachia mtu hata kijiko. Mama aliyemfulia nguo alikuwa anazianika, na Mwalimu anatoka nyuma yake anazianua na kuzianika upya. Maharagwe yaliyochaguliwa mawe aliyachagua tena. Nilimwoshea kikombe, nikageuka, nikamkuta anakiosha. Fundi alikuja kuweka mabati ya choo, na kabla ya saa sita fundi yuko chini amekunja mikono na Mwalimu yuko juu na nyundo. Nilimuuliza chumvi ya huyo fundi iko wapi. Akanijibu kutoka juu ya choo kwamba huyo si mwanafunzi.

Lakini darasani alikuwa mtu mwingine. Kulikuwa na kijana wa familia ya wafanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini mashariki, Mwislamu mtulivu sana, aliyekaa nyuma muhula mzima bila neno. Walimu wengine walishamwandika kwamba ni mzito. Siku moja Mwalimu alifika kwa somo la ngamia, akasema mbele ya wote, "Mimi ngamia namjua kwa kitabu tu," akampa yule kijana chaki na akaenda kukaa kwa kiti chake cha nyuma. Wambui alinisimulia kwamba kijana aliongea mpaka kengele ikalia na hakuna aliyetoka. Kutoka siku hiyo alikuwa wa kwanza kufika. Nilimuuliza Wambui kama Mwalimu kweli alikaa. Akasema alikaa, ila mguu wake mmoja ulikuwa unapiga sakafu wakati wote.

Sasa nije kwa yale yaliyotaka kuniharibia mtoto.

Wambui alienda kwa Koko mara ya kwanza jioni, mbuzi wakirudi. Alikuwa amefundishwa kwamba dawa ya minyoo hununuliwa kulingana na idadi, kwa hivyo akasimama kwa mlango wa boma, akanyoosha kidole, akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Mtoto wa Kitengela, angejua wapi? Kwa Wamaasai mifugo ya mtu haihesabiwi hivyo, na kidole hakinyooshwi. Ni kama unaita mabaya yaje yachukue. Koko alimpiga kile kidole na fimbo. Wake za wanawe waliokuwa wanakamua wakacheka, mmoja akauliza, "Huyu ni wa sensa?" Na hilo jina likamfuata. Mmoja wa wanafunzi alikuwa boma la jirani, akalipeleka chuoni, na kufikia juma lililofuata Wambui hakuwa Wambui tena. Alikuwa Sensa. Sensa, umetuhesabu? Sensa, wengine tulikuwa chooni.

Mimi sikujua. Kila asubuhi alitoka na begi lake. Kumbe anaenda kukaa kwa kibanda cha rafiki yake anayeuza mitumba hapo nyuma ya soko. Nilimkuta mwenyewe, nimeenda kutafuta sweta, naye amesimama na henga ya nguo mkononi anaita wateja. Tuliangaliana. Nikamwambia tu, "Weka hiyo kitu chini," na tukarudi nyumbani.

Nyumbani ndipo alisema.

"Shosho, mi sirudi. Hiyo kozi si yangu."

"Ni ya nani?"

"Ni ya watu wamezaliwa na ng'ombe. Mi nimezaliwa hapa na mabati."

"Kesho nakupeleka mimi mwenyewe mpaka kwa kiti."

"Nipeleke. Nitakaa."

Hilo nitakaa alilisema kama mtu anayekubali kufungwa.

Nilienda kwa Mwalimu nikiwa nimewaka. Nilitaka amkaripie, ampigie mama yake simu, amtishe na mtihani. Alinisikiliza akizunguka tangi, mara moja, mara ya pili, mpaka nikahisi kizunguzungu. Halafu akasema, "Yeiyo, usimpeleke. Ukimpeleka atakaa, lakini hatakuwa amekuja."

"Kwa hivyo nimwache auze nguo za watu?"

"Mwache kidogo."

"Kidogo ni ngapi?"

Alipita kwa dirisha ambapo Wambui alikuwa anafua, akasema bila kusimama, "Wambui, yule mama ameuliza."

Aliacha kufua. "Ameuliza nini?"

"Ameuliza yule msichana mwenye kidole alienda wapi. Kuna mbuzi anakohoa." Na akaingia kwake.

Baadaye nilimbana. Nilimuuliza kama Koko aliuliza kweli. Akaniambia, "Mbuzi hukohoa mahali kila siku." Huyo ndiye mtu aliyekuwa mkali sana juu ya uongo, aliyefukuza mwanafunzi kwa somo kwa sababu aliandika amepima joto la ndama ambaye hakumpima.

Siku zilizofuata sikutulia. Nilifagia mahali palipofagiwa. Nilikuwa namsikia Wambui akiamka, nangoja nisikie anaenda njia gani, kushoto ni soko, kulia ni kituo cha gari za Isinya, za kwenda chuo na kwa Koko. Kushoto. Kushoto. Nilikuwa na maneno mdomoni kama maji ya moto, na kila mara nikikaribia kuyatoa, Mwalimu anapita na kikombe na kuniangalia.

Siku aliyoenda kulia hakuniaga. Aliondoka na majani na sukari yangu kwa begi, ndiyo nikajua anaenda kwa mwenye boma.

Koko hakumpa kazi ya dawa. Alimsimamisha kwa mlango wa boma jioni, mikono nyuma, aangalie. Ajue mifugo kwa macho. Yule mwenye sikio limechanika, yule mwenye uso mweupe, yule anayekuja wa mwisho kila siku kwa maringo, na mtoto wake anayefanana naye. Kila jioni akimaliza chuo, anaenda kusimama. Nilidhani ni adhabu. Mpaka jioni moja Wambui alisema, mbuzi wakiwa wameshaingia wote, "Yule mwenye shingo nyeusi hajarudi." Koko akaangalia. Hakuwa amerudi. Walimkuta amenaswa kwa waya wa ploti mpya iliyouzwa juzi, pale ambapo mbuzi wamepita tangu zamani na hawajaambiwa kwamba sasa kuna mwenyewe. Wambui ndiye alimtoa, akamsafisha jeraha, akamshona.

Alirudi na tope jeusi mpaka magotini na akaongea chakula chote. Yule Koko alikuwa amempa maziwa kwa kibuyu chake mwenyewe. Wale wake za wanawe bado walimwita Sensa, lakini sasa walimwita kutoka mbali wakitaka aje. Ni jina lilelile. Mimi nilisikia tofauti kwa mdomo wake akilisema.

Kutoka hapo, sikumwambia soma. Alisoma akipika mpaka mboga ya sukuma ikaungua. Nilikula sukuma iliyoungua na sikusema kitu, na mimi ni mtu wa kusema. Alianza kubishana na Mwalimu kwa ua, juu ya ndigana, ile homa ya kupe, na dawa gani inafaa, wakitembea wote wawili huku na huku, mimi nikipisha na karai langu. Aliuliza maswali darasani mpaka wenzake wakamzomea. Alipitwa na somo moja kwa sababu ya mafuriko na akalia kama mtu aliyefiwa.

Halafu Mwalimu akastaafu, akahamia upande wa Kajiado akafuge ng'ombe wake. Nyumba ya nyuma nikapangisha kijana wa benki ambaye hukaa kimya kabisa. Sijazoea.

Ningetaka kusema kwamba mtoto akishapata chumvi yake mambo yamekwisha. Hayakwisha. Kiangazi cha mwaka huu, Wambui akiwa muhula wa mwisho, kazini kwa mazoezi, ng'ombe wa mtu alimfia mkononi. Alikuwa ameitwa kwa kuchelewa, lakini mwenye ng'ombe hakulaumu huko kuchelewa, alimlaumu yeye akilia, mbele ya majirani. Wambui alirudi akaweka begi nyuma ya mlango. Mtihani ulikuwa karibu, na kitabu hakufungua. Jumamosi nilisikia anaongea kwa simu na yule rafiki yake wa mitumba, anauliza kama kuna nafasi kwa kibanda.

Hapo ndipo simu ya Mwalimu ilipoingia. Ng'ombe wake alikuwa anazaa tangu asubuhi na ndama hatoki.

Nilimnyang'anya Wambui simu. "Kwani huko Kajiado hakuna daktari?"

"Wako, yeiyo. Nimeita huyu."

Wambui alikuwa anatikisa kichwa. "Zii. Shosho, mwambie hapana. Si ng'ombe ya Mwalimu. Nikiua ya Mwalimu nitaishi wapi?" Alisema hivyo akikaa, akasema tena akisimama, na mara ya tatu alikuwa anatafuta glavu na kamba. Nilijifunga kitambaa nikaenda naye. Hakuna aliyenialika.

Tulifika jua bado kali. Mwalimu alikuwa amezeeka, shingo imekuwa nyembamba kwa kola. Hakutusalimu hata. Ng'ombe alikuwa amelala ubavu, macho yametoka, na Wambui hakungoja, alivua sweta, akajipaka sabuni mpaka begani, akapiga magoti. Mkono ukaingia. Na Mwalimu akaanza.

"Polepole. Tafuta goti. Mguu mmoja umerudi nyuma, nimehisi mwenyewe. Sasa usivute, sukuma kichwa kwanza, sukuma..."

"Mwalimu."

"Naam. Shika hapo, halafu zungusha..."

"Mwalimu, toka."

"Nini?"

"Toka nje ya boma. Unanichanganya."

Mimi nimezaliwa wakati ambapo mwalimu ukimwona mbele yako unahama njia. Nilingoja ardhi ipasuke. Mwalimu aliniangalia. Mimi nikaangalia ng'ombe. Akatoka, na mimi nikamfuata, maana nilijua hatakaa huko peke yake.

Tulisimama nje ya ua wa miiba. Nasema tulisimama, lakini ni mimi niliyesimama.

"Ameshika goti au kwato? Yeiyo, unaona?"

"Naona mgongo wa mtoto wangu."

"Amechoka. Mkono umechoka, naona bega. Niingie nimshikie tu."

Nilimshika koti. "Si ni wewe ulisema aachwe?"

"Nilisema nikiwa na ng'ombe wa watu!"

Alivuta, nikavuta. Wazee wawili tunapigania koti kwa jua. Ng'ombe aliguna, sauti ya chini mbaya. Mwalimu aliacha kuvuta, na mimi sikuachilia koti, na ndipo nilijua kwamba hakuna kati yetu aliyekuwa anafikiria ng'ombe.

"Kuja ushike kamba! Haraka!"

Mwalimu akaruka. "Nakuja!"

"Si wewe! Shosho!"

Niliachilia koti, nikapandisha marinda, nikaingia. Wambui alinipa kamba imelowa, imefungwa kwa kwato ndogo mbili zinazoonekana. Hakuniangalia. "Nikisema vuta, vuta kwenda chini. Nikisema wacha, wacha." Aliposema vuta nilivuta. Aliposema wacha niliacha. Sijawahi kumtii mtu hivyo, hata marehemu mume wangu. Vuta, wacha, vuta, na mara kamba ikalegea nikaanguka kwa makalio, na ndama akatoka mwili wote kwa mara moja, amelowa, amelegea kama koti la mvua.

Wambui alimsafisha pua na kidole, akamsugua mbavu na nyasi, akamsugua, akamsugua. Kutoka nje sauti ikaja, "Dume ama jike?" Hakujibiwa. "Anapumua?" Hakujibiwa. Ndama akapiga chafya. Sikio moja likatikisika.

Wambui alikaa chini kwa tope na damu, pumzi imekatika, akaweka mkono juu ya ng'ombe. "Kesho narudi kuangalia kama kondo la nyuma limetoka lote," alisema. Sijui alikuwa anamwambia nani. Halafu akanigeukia na sauti ya chini.

"Shosho, mwambie aingie. Lakini asiongee."

Nilienda kwa mlango wa boma nikamwambia yote mawili. Aliweza moja.